Nimesomea meno hadi uzamivu na mkataba unaisha: nirudi Ujerumani, niingie kliniki au nisubiri chuo?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni daktari wa meno, nina miaka 37, nimeolewa na tuna watoto wawili. Tunaishi Uyole, hapa Mbeya. Nilisoma udaktari wa meno Muhimbili, nikafanya mwaka wa mafunzo kazini, nikatumika hospitali ya wilaya kwa muda, kisha nikapata ufadhili wa kwenda Ujerumani mpaka nikamaliza uzamivu. Halafu nikarudi. Hilo la kurudi nalisema kwa makusudi, maana mjomba wangu mmoja mpaka leo huniuliza pembeni nilifukuzwa kwa kosa gani.

Tangu nirudi nafanya utafiti wa baada ya uzamivu, wenyewe tunaita posidoki, kwenye mradi wa afya ya kinywa kwa watu wazima wanaotumia dawa za kufubaza VVU. Tunawapima fizi, tunachukua mate na ule utando unaojijenga kwenye shingo ya jino, tunahifadhi kwenye friza za nyuzi 80 chini ya sifuri. Sehemu ya sampuli husafirishwa Ujerumani kusomwa vinasaba vya bakteria, na majibu hurudi kama mafaili mazito ambayo mimi ndiye ninayeyachambua, mara nyingi usiku watoto wakishalala. Mchana nasimamia wataalamu wa maabara, nafuatilia vitendanishi vilivyokwama bandarini, naandika ripoti ya mfadhili, nakimbizana na vibali. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, natoa maelezo marefu mpaka anajuta kuuliza.

Sasa mfadhili hataongeza muda, na mkataba wangu unakwisha Juni. Profesa aliyenisimamia uzamivu ameniandikia kwamba ana nafasi ya posidoki ya miaka miwili, huenda ikaongezwa. Kazi ni ya seli shina za kiini cha jino, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Maabara yake ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuingia na mshahara siwezi kuulinganisha na wa hapa. Ila mada ni yake, siyo yangu.

Upande wa pili kuna rafiki niliyesoma naye ambaye ana kliniki ya meno Mwanjelwa. Anataka niingie ubia, tuweke kiti cha pili na eksirei. Ananiambia, "Wewe unatunza mate ya watu kwenye friza, huku nje watu wamejishika mashavu." Ninacheka, lakini usiku maneno yake yananirudia. Tatizo ni mikono. Leseni yangu naihuisha kila mwaka, lakini tangu niende masomoni sijakaa kwenye kiti cha mgonjwa kwa wiki mfululizo. Kung'oa naamini naweza. Kutibu mzizi wa jino kwa mteja anayelipa, naogopa.

Kuna pia chuo kimoja ambacho mkuu wa idara aliniambia wangependa nifundishe kwao, ila kibali cha ajira hakijatoka. "Tuvute subira," anasema kila nikimpigia.

Kuna jambo jingine dogo. Makala kuu ya mradi wetu nimeichambua na kuandika rasimu yote mimi. Mwezi uliopita, kwenye kikao cha mtandaoni, mmoja wa washirika wetu wa nje alisema mwanafunzi wake ndiye atakuwa mwandishi wa kwanza kwa sababu anahitaji makala ili ahitimu, mimi nitakuwa wa tatu. Alilisema kwa upole sana. Nilikaa kimya, na wengine wote wakakaa kimya.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari ya serikali na juzi juzi amefanywa makamu mkuu wa shule. Nikimuuliza kuhusu Ujerumani anasema, "Amua wewe, mimi nitakufuata." Nikimbana aseme anachotaka yeye, anarudia hivyo hivyo. Baba yangu yuko Tukuyu, analima ndizi, maharage na chai kidogo, na alijinyima sana nisome. Siku hizi anawaambia watu, "Binti yangu ni daktari wa meno, lakini hang'oi." Krismasi nilipokuwa kwake waliniletea mtoto mwenye homa na kuhara, wakitaka nimtoe "meno ya plastiki". Nilikataa, nikawaeleza yale ni machipukizi ya meno yenyewe, nikawapeleka kituo cha afya. Nyuma yangu nikasikia mama mmoja anasema, "Muacheni, huyo bado anasoma."

Shangazi, niende, nibaki, au niachane na utafiti nirudi kwenye koleo la kung'olea?

Mtafiti wa Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu, na ndaga fijo kwa barua iliyonyooka. Mimi kabla ya kukaa kwenye safu hii nilikuwa ofisi za miradi ya utafiti, nikipitisha mikataba ya watu kama wewe, kwa hiyo utanisamehe nikianzia mahali ambapo hukunituma. Umeniuliza kuhusu Ujerumani, kliniki na chuo. Mimi naanza na hilo uliloliita jambo dogo.

Makala siyo jambo dogo. Posidoki haina kiinua mgongo cha maana, haina cheo kwenye muundo wa utumishi wetu, na haina mtu atakayekuandalia sherehe ya kuimaliza. Unachotoka nacho ni kimoja: swali la kisayansi linalojulikana kuwa ni lako, na maandishi yenye jina lako mbele yanayothibitisha hivyo. Ukikosa hicho, ulikuwa msimamizi wa maabara mwenye shahada kubwa. Kamati yoyote ya ruzuku, iwe Ulaya au hapa kwenye Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikifungua wasifu wako itatafuta kwanza ni makala zipi umeongoza. Mtu wa tatu kwenye orodha wanamruka.

Kwa hiyo andika wiki hii. Waandikie wote waliokuwa kwenye kikao, maana ukimwandikia mmoja atakujibu kwa upole uleule. Usilalamike. Eleza nani alibuni sehemu gani, nani alikusanya, nani alichambua, nani aliandika, na uambatanishe rasimu yenye tarehe zake. Wahariri wa majarida ya tiba, ile kamati yao ya kimataifa inayoitwa ICMJE, wana vigezo vinne vya mtu kuitwa mwandishi: awe na mchango mkubwa kwenye wazo au kwenye data, ashiriki kuandika au kuhakiki kwa kina, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. Mpangilio wa majina unaamuliwa na waandishi kwa pamoja. Kuhitimu kwa mwanafunzi wa mtu hakumo kwenye vigezo hivyo hata kimoja. Pendekeza suluhu: wewe uongoze makala kuu, na mwanafunzi apewe makala ya pili itokanayo na data zilezile, au mkubaliane waandishi wawili wa kwanza wenye hadhi sawa, jina lako likitangulia.

Wakati unasubiri majibu, toa faili la kibali cha maadili ulisome upya. Vibali vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, huwa na sharti la kuomba ruhusa kabla ya kuchapisha, na la kuwasilisha ripoti za maendeleo. Angalia pia mkataba wa kusafirisha sampuli unasema zitumike kwa kazi ipi na data ni za nani. Sikuambii uende ukamtishie mtu kwa karatasi hizo. Nakuambia uzisome, kwa sababu kwenye kikao kile mliokaa kimya nadhani hamkuwa na hata mmoja aliyekumbuka kwamba sampuli za Mbeya zina masharti ya Tanzania.

Sasa Ujerumani. Jibu langu ni usiende kwa mkataba huo kama ulivyo.

Sina neno na maabara ile. Seli shina za kiini cha jino ni sayansi ya kweli. Zilielezwa mwaka 2000 na watafiti wa NIDCR, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na meno na uso, na mwaka 2003 wakaonyesha kwamba hata jino la utoto linalong'oka lenyewe lina seli za namna hiyo. Kazi nzuri. Lakini zinataka kabati la joto lenye hewa ya kaboni dayoksaidi, naitrojeni ya kimiminika, vitendanishi vya bei mbaya, na umeme usiokatika. Baada ya miaka miwili utakuwa bingwa wa kitu usichoweza kukifanya nyumbani, na profesa atakuwa na sababu nzuri sana ya kukuongezea miaka mingine miwili. Hivyo ndivyo watu wanavyobaki, mwanangu. Wengi wao hawakuamua siku yoyote kwamba hawarudi.

Na huko nako siyo kwamba ukifika umefika. Sheria ya Ujerumani inawaruhusu vyuo vya umma kumshika mtafiti kwa mikataba ya muda hadi miaka 6 baada ya uzamivu, kwenye fani za tiba hadi 9. Mwaka 2021 watafiti wa kwao wenyewe walijaza mitandao ya kijamii kwa jina la IchBinHanna, yaani "Mimi ni Hanna", wakilalamikia maisha ya kuhesabu miezi ya mkataba. Kama mwenyeji analia, mgeni mwenye watoto wawili na mume mwalimu ajiulize.

Kisha tazama umri, bila woga lakini kwa macho mawili. Matangazo ya ajira za kudumu serikalini kwetu kwa kawaida yanataka mwombaji asiyezidi miaka 45. Una 37. Miaka miwili, ikiongezwa miwili, una 41. Bado kuna nafasi, ila si kubwa kama unavyoidhania leo.

Ningekuwa wewe ningemjibu profesa hivi: nashukuru, nataka kuja, lakini kwa mwaka mmoja, na nusu ya muda wangu iwe kwenye sampuli za Mbeya. Nijifunze mbinu ambazo naweza kurudi nazo, hasa uchambuzi wa vinasaba vya bakteria, ambao ukishaumudu unahitaji kompyuta nzuri na intaneti kuliko unavyohitaji jengo. Na iandikwe mapema ni data zipi nitaondoka nazo. Profesa anayekutaka wewe atakaa chini mzungumze. Anayetaka mikono ya kulisha seli zake Jumapili atakuambia nafasi imejazwa, na hapo utakuwa umejua bila nauli.

Kwa nini nang'ang'ania sampuli za Mbeya? Kwa sababu umekalia swali kubwa na sijui kama unaliona. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ilikuwa 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Nyanda za Juu Kusini ndizo zinazoongoza. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na waliozianza wakati ule wakiwa vijana sasa wana miaka 45, 50, 60. Hawafi, Mungu ni mwema. Wanazeeka. Wanapata kisukari na shinikizo la damu kama wazee wengine, na fizi zao zinalegea. Ugonjwa wa fizi na kisukari vinasaidiana kuharibu: sukari ikipanda fizi zinaoza haraka, na fizi zenye uvimbe wa kudumu zinafanya sukari iwe ngumu kuishusha. Ongeza VVU na miaka 20 ya dawa juu ya hapo, kinywani kunatokea nini? Hilo swali profesa wako hawezi kulijibu kwa wagonjwa wa mjini kwake. Analihitaji friza lako, na anamhitaji anayejua kumkalisha mama wa Igawilo kwenye kiti akakubali kupimwa fizi jino kwa jino.

Usidhani pia kwamba sayansi ya meno inayohesabika duniani lazima izaliwe kwenye maabara ya vioo. Ile njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, bila mashine ya kutoboa na bila umeme, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mtaalamu wa Kiholanzi, Jo Frencken, alikuwa akifundisha meno Dar es Salaam, akakutana na hali ambayo kila aliyefanya kazi wilayani anaijua: mashine ipo, umeme haupo, au umeme upo na mashine imeharibika. Wakaondoa sehemu iliyooza kwa kijiko kidogo na kuziba kwa saruji maalumu inayogandana na jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwenye Siku ya Afya, na leo inafundishwa mpaka kwenye nchi ambazo umeme haujui kukatika. Saruji yenyewe iliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Mtu akikuambia swali la Mbeya ni dogo, mpe kisa hicho, na umwambie kilianza kwa sababu ya umeme kukosekana.

Basi fedha. Mifuko inayompa mtafiti wa Kiafrika ruzuku akae Afrika ipo. Ule ushirika wa Ulaya na Afrika, EDCTP, umekuwa ukitoa ruzuku za kukuza watafiti wachanga wenye makazi huku, na VVU vimo kabisa ndani ya kazi zake. Ushindani umekuwa mkali zaidi tangu 2025, Marekani ilipoivunja USAID na kila aliyekuwa akila upande ule akahamia huku. Bado inafaa kujaribu, lakini hawampi mtu anayeelea. Wanataka taasisi mwenyeji iliyosaini.

Hapo ndipo mkuu wa idara anapoingia. Acha kumuuliza kama kibali cha ajira kimetoka, hilo haliko mikononi mwake na simu zako zinamchosha. Muombe kitu anachoweza kukitoa: barua ya kukupokea kama mtafiti mwalikwa, au uhadhiri wa muda wa saa chache kwa wiki, ili andiko lako lipite kupitia chuo. Wao wanapata fedha za mradi na jina, wewe unapata anwani. Na kama hujahakikiwa shahada yako ya Ujerumani na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, fanya sasa. Nimeona watu wamefika kwenye usaili na vyeti vya nje ambavyo havikuhakikiwa, wakarudishwa mlangoni na makala zao mkononi.

Nije kwa mume wako. "Amua wewe, mimi nitakufuata" ni maneno mazuri, na nadhani anayasema kwa upendo. Lakini yanakuachia mzigo wote. Mambo yakienda vibaya, uamuzi ulikuwa wako. Na kusema kweli hawezi kukufuata kirahisi. Mwalimu wa serikali haachi kituo akapanda ndege. Anaomba likizo bila malipo, mwajiri anakubali au anakataa, na cheo cha makamu mkuu hakimsubiri mtu. Nadhani analijua hilo na hataki kulisema asije akaonekana anakuzuia, hasa kwa kuwa ndugu zake na zako wanamtazama.

Usimuulize tena anataka nini. Mwanamume aliyeamua kuwa muungwana hatalijibu swali hilo. Kaeni na kalenda. Mwezi wa kwanza wewe uko Ujerumani, nani anamwamsha mdogo saa kumi na moja na nusu? Kodi ya nyumba kule ni ngapi na inabaki nini cha kutuma? Yeye atakuja lini, kwa likizo ipi, akiwa huko atafanya nini siku nzima bila Kijerumani? Mkifika kwenye maswali ya namna hiyo utamsikia anachotaka bila kumuuliza. Na kama anachotaka ni kubaki shuleni kwake, ukubali kwamba hilo nalo ni kazi yenye ndoto, siyo kizuizi cha ndoto yako.

Baba yako nina hakika hana ubaya. Anataka tu neno la kuwaambia watu. Mpe. Muulize mbegu ya maharage anayopanda ilitoka wapi. Kama ni Njano Uyole au Uyole 96, basi ilitoka kwenye kituo cha utafiti wa kilimo hapo hapo unapoishi, kwa watu wenye shahada kama yako ambao hawauzi maharage sokoni na hakuna anayewauliza kwa nini hawalimi. Wanafanya wakulima wengine wapate. Wewe hung'oi, unatafuta namna watu wasifike kung'olewa. Mzee wa Rungwe anayejua mbegu ataelewa haraka kuliko mjomba wako.

Na kwa yule mtoto wa Krismasi ulifanya sawasawa. Kile kinachoitwa meno ya plastiki ni jino changa ndani ya ufizi, na kuchimbua fizi za mtoto anayeharisha ni kumwongezea kidonda, damu kumwagika na maambukizi. Maneno ya yule mama yaache yapite, ila ukienda tena Tukuyu nenda na mhudumu wa afya wa kijiji mkae na wakina mama, maana wakikosa maelezo watampelekea mwingine, na huyo hatakataa.

Mwisho kliniki. Rafiki yako amekuchokoza lakini amesema jambo la maana: mikono isiyotumika inasahau. Hata utafiti wako utadhoofika ukiwa hujui tena mgonjwa anakaaje kwenye kiti. Muombe Jumamosi, siyo ubia. Anza kwa kumsaidia yeye, kusafisha ugaga, kuziba yaliyo rahisi, kung'oa. Mizizi ufanye akiwa amesimama nyuma yako mpaka utakapoacha kuogopa. Mkubaliane asilimia kwa kila mgonjwa, kwa maandishi, hata kama mlilala bweni moja. Hesabu pia pointi za mafunzo endelevu kwa ajili ya leseni yako Baraza la Madaktari. Mtaji usitoe mpaka ujue Juni imekukuta wapi. Na hiyo eksirei, kabla hajalipa hata malipo ya awali, aende kwanza Tume ya Nguvu za Atomu aulize masharti ya leseni na ya chumba chenyewe, kwa sababu huenda chumba anachokifikiria hakifai, na mkiligundua hilo baada ya mashine kufika Mwanjelwa mtakuwa mmenunua kabati.

Shangazi